Kufuma na Kufumua

Tangu nianze kufuma sweta barazani kwangu, wageni wangu wamegawanyika mafungu mawili. Wapo wanaocheka, na wapo wanaonihurumia wakidhani mzee kaishiwa. Siwalaumu. Nawalaumu waliowafundisha, na mimi mwenyewe nimo.

Nilikuwa mwanafunzi Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Nilipokuja kuwa mkuu wa chuo cha ualimu niliihubiri kwa sauti kubwa. Lakini kazi za mikono tulizipimaje? Mwisho wa muhula vitu viliwekwa mezani, tukatoa alama. Mwanachuo mmoja alileta sweta la mtoto, zuri ajabu, na sote tuliutambua mkono wa shangazi yake. Alipata alama za juu. Mwenzake alileta soksi nusu, imejaa matundu, aliyoifumua mara nne na kuianza upya mbele ya macho yetu. Alifeli. Karatasi ile niliitia sahihi mimi.

Sasa nina miaka sabini na kitu, na nimejifunza kufuma peke yangu, kwa sindano mbili na kibonge cha uzi wa sufu nilichonunua sokoni. Nilianza na vitanzi 30. Baada ya mistari kumi vilikuwa 37! Nilihangaika siku nzima kutafuta saba vilikotoka, kumbe kila nilipogeuza kazi uzi ulipanda juu ya sindano pale ukingoni, nami nikauhesabu kuwa kitanzi. Tena kwa hofu ya kukosea nilikaza uzi kama anayefunga gunia kwenye baiskeli, hata sindano ikakataa kupita. Hofu ile naijua. Niliwahi kuiona kwenye mikono ya vijana wakishika chaki mbele yangu.

Iliniisha siku nilipochomoa sindano kwa hiari yangu, nikavuta uzi, shibiri nzima ikafumuka. Uzi ulirudi kwenye kibonge wote. Tangu hapo nahesabu kila mstari, na kitanzi kikidondoka nakinyanyua kwa kroshia bila kutetemeka.

Nasema basi, tena kwa ukali: shule zetu zinadai watoto wafume na kuwakataza kufumua. Aliyekosea anachapwa au anapigwa mkasi mwekundu, na biashara imekwisha. Mwanachuo aliyefuta ubao na kuanza upya tulimpunguzia alama, eti hakujiandaa. Tulifundisha walimu kuficha makosa, nao wakaenda kuwafundisha watoto vivyo hivyo, kisha tunashangaa vijana hawathubutu.

Na hii hoja ya kwamba kufuma ni kazi ya wanawake? Wavuvi wetu wanaume hushona nyavu mchana kutwa ufukweni na hakuna anayewacheka. Katika kisiwa cha Taquile, kwenye ziwa Titicaca nchini Peru, wanaume ndio wanaofuma kofia, na UNESCO iliutambua ufundi wa nguo wa kisiwa hicho mwaka 2005.

Wakufunzi mlio kazini, wekeni alama za kufumua. Mwanachuo aeleze alipokosea, alivyogundua, na alivyorekebisha, hata kama mezani kuna soksi nusu tu.

Sweta langu ni la mjukuu wa kiume. Mkono wa kushoto umezidi wa kulia kwa vidole viwili. Kesho naufumua.