Tusishangilie Mpaka Unapofungwa

Kuna tabia imeota mizizi katika nchi zetu, nami imenichosha. Kila mara serikali mojawapo ya Afrika Mashariki inapozuia bidhaa za jirani yake, wananchi wake hupiga makofi. Wakenya wakikataa mahindi yetu, vijana wao hujigamba kwamba wametukomesha. Sisi Watanzania tukikataa vifaranga vyao, vijiwe vya kahawa huchangamka hadi usiku. Tumemkomesha nani? Hasira hasara, na hasara ya mpaka uliofungwa hailipwi na mkubwa aliyetia saini. Humwangukia mama wa nyanya pale mpakani Namanga, ambaye asubuhi huuza upande mmoja na jioni hununua unga upande wa pili, wala haoni kwamba amesafiri kwenda nchi ya kigeni.

Haki ya jirani hatuna haja ya kufundishana. Misikitini inahubiriwa, makanisani inahubiriwa, na bibi zetu walikwisha kutuambia kwamba moto huombwa kwa jirani. Sitapoteza nafasi kuthibitisha hilo. Ninachosema ni kwamba mataifa yanayouziana, yanayopitishiana mizigo na kugawana umeme hujiwekea sababu nyingi za kutopigana, na anayezikata sababu hizo kwa ghadhabu ya siku moja anachezea amani yetu sote.

Kumbukeni Kenya ilivyowaka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Reli iling'olewa Kibera, malori yakakwama, petroli ikaadimika Uganda na Rwanda, nchi ambazo hazikuwa na kura hata moja katika uchaguzi ule. Mchuma janga hula na wa kwao. Lakini watazameni pia waliokuja kuuzima moto. Alikuja Kofi Annan, pamoja naye mzee wetu Benjamin Mkapa na Mama Graça Machel. Jakaya Kikwete, aliyekuwa Mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, akaenda Nairobi mwenyewe, na tarehe 28 Februari 2008 Kibaki na Odinga, mahasimu wa uchaguzi ule, wakatia saini mapatano. Undugu ulikuwapo, siudharau. Ila ndugu ambaye mafuta yake yanapita kwako hachelewi kubisha hodi anaposikia kelele.

Sasa twende Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, maana hapo ndipo wapinzani wangu hukosa la kusema. Mwezi Aprili 1994, chini ya daraja la mpakani, mto Kagera ulikuwa ukibeba maiti za ndugu zetu wa Rwanda kuelekea Ziwa Victoria. Mwishoni mwa mwezi huohuo wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja hilo kuingia Ngara katika muda wa takriban siku moja. Watanzania, hapa nawasifu bila kificho: mliwafungulia mlango, mkagawana nao maji, kuni na ardhi, tena mkiwa hamna kitu. Leo maporomoko ya hapo yanazungusha mitambo ya megawati 80, na umeme wake wanagawana Tanzania, Rwanda na Burundi kwa mafungu sawa. Ngara, Kirehe na Muyinga zina mgodi mmoja wa nuru. Mtawala atakayetaka kuchokoza vita hapo kesho itambidi kwanza awaeleze watu wake kwa nini wamelala gizani.

Najua kuna watakaonijibu kwa methali: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Ni kweli, na aliyeisema alimlenga mvivu anayesubiri kulishwa. Mimi nasema habari za watu wawili wenye majembe, kila mmoja akiwa na asichonacho mwenzake. Wasomi nao wataleta habari za Ulaya ya 1914, wakisema Waingereza na Wajerumani walikuwa wakiuziana sana na bado wakauana kwa miaka minne. Naam, kuuziana peke yake hakutoshi. Ndiyo maana baada ya Vita Kuu ya Pili Wafaransa na Wajerumani hawakuridhika na biashara tu. Mwaka 1951 walikubaliana kuyaweka makaa ya mawe na chuma chao, mali ya kutengenezea mizinga, chini ya mamlaka ya pamoja. Tangu hapo hawajapigana tena.

Nasi tulikuwa na chombo cha namna hiyo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 1967 iliendesha ndege, reli, bandari na posta kwa pamoja. Baada ya Idi Amin kupindua serikali ya Uganda mwaka 1971, baraza la marais watatu halikukutana tena. Mwaka 1977 Jumuiya ikafa, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, ukakaa hivyo hadi 1983. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yakaingia Kagera. Sisemi aliingia kwa sababu Jumuiya imekufa. Nasema alipoingia hakukuwa na meza iliyobaki ya kumwita aje kujieleza. Jumuiya tumeifufua kwa mkataba uliotiwa saini Arusha mwaka 1999, na juzi tu Kongo na Somalia zimeingia. Je, tumeifufua ili tuiue tena kidogokidogo?

Maana tunaiua. Mwaka 2017 sisi tuliteketeza vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya, viumbe wa Mungu, na ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya wakapigwa mnada. Mpaka wa Gatuna, baina ya Rwanda na Uganda, ulifungwa Februari 2019 ukafunguliwa Januari 2022. Machi 2021 Kenya ikayazuia ghafla mahindi ya Tanzania na Uganda, malori yakapanga foleni mpakani, madereva na utingo wakalala chini ya turubai, huku shehena ikivuta joto na kuharibika. Siku chache baadaye zuio likalegezwa kwa masharti. Kama masharti yaliwezekana, kwa nini hayakutangulia?

Na sababu iliyotolewa ilikuwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka isiyokauka. Hapo, ndugu zangu wakulima na wafanyabiashara wa mahindi, nawageukia ninyi, kwa kuwa siwezi kunyamaza. Mnaanika mahindi wapi? Kando ya lami, na mara nyingine juu ya lami yenyewe, magari yanapita, kuku wanadonoa, mbuzi wanakojoa. Mvua ikinyesha mnazoa haraka na kufunga magunia mabichi, eti mnunuzi anasubiri. Mwaka 2004 sumu hii iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Mwaka 2016 ikaua wenzetu Dodoma na Manyara. Hamjui kupima? Chukueni chupa kavu, tieni mahindi na chumvi kavu, tikiseni, iacheni itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi hayo bado yana maji, yarudisheni juani. Chupa haina gharama, na chumvi ipo kila jiko. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, hakibagui Mkenya wala Mtanzania. Mkiuza uchafu mnampa adui wa biashara yetu silaha mkononi, kisha mnalia kwamba mmeonewa.

Lakini kosa la mkulima mmoja haliifanyi nchi nzima kuwa na sumu. Maofisa wa vituo vya pamoja vya mpakani, kule Namanga, Sirari, Mutukula, Malaba na Rusumo, ndio wanaostahili kupima shehena. Wapewe kazi hiyo. Lori bovu lirudishwe na mwenye mali apewe cheti chenye matokeo, na lori zima lipite siku hiyohiyo. Wabunge wetu wa Afrika Mashariki wanaokutana Arusha walibebe hili kama hoja: nchi mwanachama isizuie zao la mwenzake kwa barua ya ghafla, bila kupima shehena moja moja na bila kuwapa taarifa waliokwisha kupakia. Nasi wapiga makofi, siku zuio jingine litakapotangazwa, lao au letu, tuwapigie simu wabunge wetu wa majimbo kuuliza ni malori mangapi yamekwama na mizigo hiyo ni ya nani.