Urefu wa Mtutu na Ndege wa Nyika

Kiboko, mahali palipo kando ya barabara kuu iendayo Mombasa, kiasi cha kilomita 160 kutoka Nairobi, pana sifa ya uwindaji tangu zamani. Hapo ndipo J. A. Hunter, aliyekuwa askari mkuu wa Idara ya Wanyama, alipojenga nyumba ya wageni iliyochukua jina lake. Bwana huyo, aliyefariki mwaka 1963, aliwapiga vifaru karibu 1,000 katika nchi ya Makueni kati ya mwaka 1944 na 1946, ili ardhi ipate kufunguliwa kwa makazi ya Wakamba. Lakini bunduki ya kifaru si bunduki ya kwale. Ya kwanza hutupa risasi moja nzito; ya pili hutupa marisau mengi kwa mara moja. Juu ya hiyo ya pili kuna mabishano yasiyokwisha: je, mtutu wake uwe na urefu gani?

Kabla ya kujibu, yafaa sheria itajwe. Katika Kenya uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku mwaka 1977. Ndege waliendelea kuwindwa kwa leseni baada ya hapo, lakini Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 imefanya uwindaji wa starehe kuwa kosa. Kwa hiyo mtu wa Kiboko mwenye cheti cha bunduki hana ruhusa ya kwenda porini kumpiga kanga. Katika Tanzania ndege wa namna hiyo bado huwindwa kwa leseni. Na wako wengi ambao shabaha yao ni visahani vya udongo virushwavyo hewani. Tena ziko bunduki zilizoachwa na wazee, ambazo vijana huzitazama na kutaka kuzibadilisha. Hao wote wana haja ya kujua ukweli wa mtutu.

Watu wengi husadiki kwamba mtutu mrefu hupeleka marisau mbali zaidi na kuua kwa nguvu zaidi. Imani hiyo ilikuwa na msingi wake katika siku za baruti nyeusi. Baruti ile iliungua polepole, na mtutu mrefu uliipa nafasi ya kuungua yote kabla marisau hayajatoka mdomoni. Baruti ya siku hizi huungua upesi sana, na karibu kazi yake yote huwa imekwisha kabla marisau hayajafika mwisho wa mtutu wa kawaida.

Na tupime kwa hesabu. Marisau ya bunduki namba 12 hutoka kwa mwendo wa kiasi cha futi 1,200 kwa sekunde. Kila inchi moja ya mtutu ikiongezwa au ikipunguzwa, mwendo huo hubadilika kwa futi 5 hadi 10 tu. Basi mwenye mtutu wa inchi 30 humpita mwenye inchi 26 kwa futi 20 hadi 40 katika 1,200. Kwale aliye yadi 30 hawezi kuitambua tofauti hiyo. Katika miaka ya 1920 Robert Churchill, fundi wa bunduki wa London, aliuza bunduki zenye mitutu ya inchi 25, na wanunuzi wake waliendelea kuangusha ndege kama kawaida.

Jambo linaloamua jinsi marisau yanavyotawanyika si urefu, bali ni kubanwa kwa mdomo wa mtutu. Mafundi huufanya mtutu uwe mwembamba kidogo katika inchi chache za mwisho, ili marisau yatoke yakiwa yameshikamana. Ukichora duara yenye upana wa inchi 30 na kuipiga kutoka yadi 40, mtutu uliobanwa sana hutia ndani ya duara kiasi cha marisau 70 katika kila 100. Mtutu usiobanwa kabisa hutia kiasi cha 40.

Hapa ndipo hasara kubwa hutokea. Tuseme kijana amerithi bunduki ya babake yenye mitutu ya inchi 30, naye anaiona nzito na ndefu kwa vichaka. Akaichukua msumeno, akakata inchi tatu au nne. Anadhani amepunguza urefu tu. Kumbe ameuondoa mbano wote, na katika bunduki ya mitutu miwili huenda amelegeza pia kile kiungo kinachoishikamanisha. Mbali ya hayo, serikali nyingi hutazama mtutu uliokatwa kwa jicho kali: Uingereza imeweka mpaka wa inchi 24, na Marekani inchi 18. Mwenye bunduki asiiguse kwa msumeno. Aipeleke kwa fundi mwenye leseni, na kwanza aiulize ofisi iliyompa cheti.

Ikiwa urefu hauongezi nguvu, wafanya kazi gani? Kazi yake ni katika mikono ya mpigaji. Mtutu mrefu huweka uzito mbele, na ukianza kumfuata ndege huendelea kwenda bila kusitasita. Mtutu mfupi huinuka upesi, lakini husimama upesi vilevile; na mpigaji anayesimamisha bunduki yake wakati wa kufyatua hupiga nyuma ya ndege.

Nyika ya Kiboko yaonyesha vizuri tofauti hiyo. Kwale hujificha katika majani chini ya migunga mpaka miguu ya mtu imkaribie, ndipo huruka kwa kishindo na kutoweka nyuma ya kichaka. Kwa ndege wa namna hiyo inchi 26 zafaa, pamoja na mdomo usiobanwa sana, kwa sababu hupigwa karibu. Firigogo, ndege wa nyika ajaye kunywa maji asubuhi, hupita juu kwa kasi mahali peupe. Kwa huyo inchi 28 au 30 husaidia, kwa kuwa mpigaji ana nafasi ya kumfuata. Kanga yuko katikati: hupenda kukimbia kwanza, na arukapo huwa mzito, lakini mara nyingi huwa amekwisha kuwa mbali.

Namna ya bunduki nayo ihesabiwe. Bunduki ya kukokota, au ile inayojijaza yenyewe, ina sanduku la chuma nyuma ya mtutu ambalo huongeza inchi tatu au nne kwa urefu wote. Hivyo bunduki hiyo yenye mtutu wa inchi 26 hukaribia kuwa sawa kwa urefu na ya mitutu miwili yenye inchi 30. Mtu mfupi asinunue kwa kusoma namba tu. Na ainue bunduki tupu begani mara kumi, macho yakiwa yamefumbwa. Akiyafumbua aone kama mtutu unaelekea alikokusudia, na kama mkono wa mbele umechoka.

Kwa anayeweza kununua bunduki moja tu, inchi 28 ndizo zinazofaa kazi nyingi. Akiisha kuinunua, aipige karatasi kubwa katika uwanja wa shabaha, kutoka yadi 20, 30 na 40, ahesabu matundu. Karatasi itamwambia mwisho wa bunduki yake ni wapi, kuliko maneno ya muuzaji.

Wahenga walisema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Anayetumainia mtutu mrefu hujaribu ndege aliye yadi 60, akamjeruhi, na ndege akaenda kufa kichakani bila faida kwa mtu yeyote. Tena marisau madogo huweza kuruka zaidi ya yadi 200, na mbele ya kichaka huenda pana mchungaji au mama anayekata kuni. Inchi mbili za chuma haziwezi kumpunguzia mtu yadi ishirini za kutembea. Anayetaka kuangusha ndege kwa hakika na amkaribie. Na akiwa hawezi kumkaribia, amwache aende zake.