Nyonga bandia na amoksilini ya Kariakoo

Aliyewekewa nyonga au goti bandia pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) asikimbilie duka la dawa Kariakoo kununua antibayotiki ya amoksilini kabla ya kung'oa jino. Hofu yake tunaielewa: bakteria wa kinywani huingia kwenye damu, na kiungo bandia kikiambukizwa huenda kikalazimika kufunguliwa upya. Lakini bakteria hao huingia hata mwenye fizi mbovu anapopiga mswaki. Ndiyo maana tangu 2015 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani hakipendekezi antibayotiki hiyo ya kinga kwa wagonjwa wengi wenye viungo bandia. Ila mwenye kinga dhaifu ya mwili amwone daktari wake wa mifupa. Wenye maduka, acheni kuuza antibayotiki bila cheti cha daktari. Nanyi mnaosubiri upasuaji, mtibiwe meno kwanza.