Okoth Ni Mvua, Si 6

Kuna biashara inayovuma kwenye simu zetu na mtaji wake ni jina lako. Unatuma jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, unatuma na pesa kidogo, halafu unarudishiwa namba. Herufi zako zimegeuzwa tarakimu, zikajumlishwa hadi ikabaki moja, na hiyo moja ndiyo itakwambia utaoa nani, kazi itakuja lini, na wikendi hii uweke mkeka gani. Wasee wa rika langu, watu wanaowacheka waganga wa mabango kwenye nguzo za stima, wanalipia hii kitu. Naipinga, na si kwa sababu ya hizo pesa pekee.

Chukua jina Okoth. Kwa Waluo, Okoth ni mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha. Otieno alizaliwa usiku. Wakamba wana Wambua, naye pia ni wa mvua. Waswahili wana Juma, wa Ijumaa. Tarehe iko ndani ya jina, wazi kabisa, na shahidi ni mama mzazi. Sasa mpe mtu wa namba hilo jina. O ni 6, K ni 2, O tena 6, T ni 2, H ni 8. Jumla 24, 2 na 4 ni 6. Basi Okoth ni 6, mtu wa familia, ati. Vuka mpaka uende kwa Waacholi wa Uganda: jina hilo hilo la mvua linaandikwa Okot. H imetoka, jumla ni 16. 1 na 6 ni 7. Mvua ni ile ile. Lakini hatima imebadilika kwa sababu ya herufi moja. Hiyo ni hatima gani inayotegemea nani alikufundisha kuandika?

Utaniambia hayo ni mambo ya watu wasiosoma. Zii. Ngoja nikupeleke Uswidi, kwenye mji wa chuo kikuu unaoitwa Uppsala. Karne ya 17 palikuwa na profesa hapo, Olof Rudbeck. Si mtu wa mchezo. Akiwa kijana alikuwa miongoni mwa waliogundua mishipa ya limfu mwilini. Mwaka 1679 akaanza kuchapisha kitabu kikubwa, Atlantica, akidai kwamba Atlantis, ile nchi ya hadithi ya Plato, ilikuwa Uswidi, na makao yake makuu yalikuwa pale pale karibu na nyumbani kwake. Ushahidi wake mkubwa? Majina. Aliyachukua majina ya miungu na mahali pa Wagiriki, akayavua, akayakunja, akayakuta ni Kiswidi. Jina likikataa, aliongeza herufi. Likikataa tena, alipunguza. Alifika juzuu ya nne, na hadi anakufa mwaka 1702 hakuna jina lililokuwa limemshinda.

Hapo ndipo tatizo. Njia isiyoweza kushindwa na jina lolote haijagundua chochote. Ni kama fundi anayekwambia kila gari lako linapozima kwamba shida ni betri. Siku moja itakuwa betri kweli, lakini huyo bado si fundi.

Sasa, mji ule ule, miaka michache baadaye, anatokea Anders Celsius, huyu ambaye jina lake tunalitaja kila tukipima joto. Naye alikuwa na swali kuhusu zamani. Wavuvi wa pwani ya Uswidi walijua kwamba bahari inarudi nyuma. Kulikuwa na miamba ambako sili walipanda kupumzika, na wawindaji waliimiliki kwa maandishi. Miaka ikaenda, miamba ikawa juu sana, sili hawawezi kupanda tena. Celsius akazisoma hizo karatasi za zamani, tarehe na majina ya miamba, kama vile Rudbeck angefanya. Halafu akafanya jambo ambalo Rudbeck hakulifanya na nadharia yake. Mwaka 1731, kwenye kisiwa cha Lövgrund karibu na mji wa Gävle, mstari ukachongwa kwenye mwamba, usawa wa maji, na mwaka wake kando.

Mstari huo ni swali linaloruhusu jibu la "hapana". Maji yakibaki pale pale miaka 50, wewe ni mwongo, na kila mtu mwenye mtumbwi anaweza kuja kuona.

Na sikiza hii: Celsius alikosea. Alidhani maji ndiyo yanapungua. Mwaka 1865 Mskoti Thomas Jamieson akapendekeza maelezo yanayokubalika hadi leo. Zamani eneo lile lilikuwa limelaliwa na barafu ya unene wa kilomita 3 hivi. Uzito huo uliibonyeza ardhi kama mtu mzito aliyekaa kwenye godoro. Barafu ikayeyuka miaka kama 10,000 iliyopita, mtu akaamka, na godoro bado linajirudisha polepole. Sehemu za kaskazini mwa Bahari ya Baltiki zinapanda karibu sentimita 1 kila mwaka. Nadharia ya Celsius ilikufa, mstari wake ukabaki. Leo uko juu ya maji kwa takriban mita 2.

Usinielewe vibaya, sisemi majina hayana kitu. Uppsala yenyewe zamani iliitwa Östra Aros, na Aros maana yake ni mlango wa mto. Mji wa Luleå ulihamishwa mwaka 1649 kwa sababu bandari yake ilikuwa inakuwa kina kifupi mno. Vaasa, kule Ufini, uliungua mwaka 1852, na walipoujenga upya waliusogeza karibu na bahari iliyokuwa imewakimbia. Kwenye nchi hizo kuna vijiji vyenye neno "kisiwa" katika majina yao, na ukienda utakuta shamba. Huo ni mchoro kweli. Unaweza kuchimba, ukapata mchanga wa pwani, au usiupate.

Na sisi je? Eldoret watu waliiita Sisibo, yaani 64. Mtu wa namba atakwambia 64 ni mraba wa 8, na 8 ni utajiri, ndiyo maana mabingwa wa mbio wanajenga nyumba huko. Ukweli ni kwamba posta iliwekwa kwenye shamba namba 64, lililopimwa na kugawiwa walowezi wakati wa ukoloni. Ukiuliza namba ilitoka wapi, unafika kwenye ardhi ya watu. Ukiuliza "inaashiria nini", unafika kwenye nyota, na aliyechukua ardhi anapumua.

Nairobi ni Kimaasai, maji baridi. Reli ilipofika mwaka 1899, iliweka kambi kwenye kinamasi. Aprili 2024 Mto Mathare ulifurika na watu wakafa. Wiki ile simu yangu ilijaa tarehe za unabii na hesabu za miaka. Sikuona nyingi zikiuliza mji unaoitwa maji umeweka wapi njia ya maji, na nani aliidhinisha kuta zilizoziba. Watu maskini walibomolewa kando ya mto, na wengine bado wanajumlisha tarakimu.

Kuhusu sadfa: weka watu 33 kwenye matatu, na uwezekano wa wawili kuwa na siku moja ya kuzaliwa ni zaidi ya robo tatu. Hakuna malaika aliyepanga viti.

Mimi sina digrii, niliacha chuo, na simwambii mtu aache kutafuta maana. Rudbeck alikuwa na cheo chote na bado alipotea. Ninachodai hakihitaji cheti: kabla ya kuhesabu, sema ni jibu gani litakuonyesha umekosea. Kama halipo, weka simu chini. Kisha nenda mtoni kwenu na patasi, chonga pale maji yalipofika, andika mwaka. Mafuriko yajayo, mwenye kibali cha ujenzi aje asimame mbele ya huo mstari atueleze.