Ua wa Bei Nafuu Walinda Mche na Ujirani



Kila masika ugomvi ni ule ule: mbuzi wa jirani kaingia shambani, kala miche ya mikarafuu. Mche ungezaa baada ya miaka sita au zaidi. Mbuzi huumaliza usiku mmoja, na majirani hawasalimiani tena. Wala si sisi wa visiwani tu. Kule Chimala, Mkoa wa Mbeya, wakulima na wafugaji wa bonde la Usangu wamegombana miaka mingi kwa mambo ya mifugo na mashamba.

Sisi twasema: mwenye mche na aweke ua, wala asisingizie gharama. Wako wakatao boriti za mikoko, nayo mikoko ndiyo kinga ya pwani yetu. Afadhali mbao za mapaleti yaliyokwisha kubeba shehena na kutupwa.

Zing'olewe taratibu, misumari inyooshwe, zipigiliwe wima juu ya mbao mbili za kulala. Ncha za chini zisiguse udongo, mchwa wasizile. Nguzo ziwe za mbono: huota mizizi, na mbuzi hawaupendi.

Lakini kwanza tazameni muhuri. HT maana yake ubao ulitiwa joto, hauna neno. MB maana yake ulifukizwa kwa methili bromidi, nayo ni sumu. Huo tuuache, wala tusiupeleke jikoni kuwa kuni.

Ua wa leo ni rahisi kuliko kesi ya kesho mbele ya sheha.

Katibu wa Chama