Minyororo Isiyoelewana

Wahenga walinena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Kauli hii inawafaa wanaodai kwamba blokicheni, yaani daftari la kidijitali lenye nakala nyingi na lililo vigumu kughushiwa, itatibu maradhi yote ya huduma za serikali. Iwapo idara ya ardhi ina mnyororo wake na mahakama ina wake, na hiyo miwili haielewani, raia atazidi kubeba makaratasi baina ya ofisi.

Estonia hutajwa mno kuwa kielelezo cha blokicheni. Hata hivyo, X-Road, mfumo unaounganisha sajili zake tangu mwaka 2001, si blokicheni. Kila idara hubaki na sajili yake. Linaloafikiwa ni jinsi ya kuulizana na kujibizana kwa usalama. Mwaka 2018 mfumo huo uliunganishwa na ule wa Finland.

Kwa mwanaisimu, hili si geni. Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 iliendeleza usanifishaji uliojikita katika Kiunguja. Kimvita hakikufa, lakini manung'uniko yalibaki, kwani mwanzoni kamati hiyo haikuwa na wanachama Waafrika.

Mnyororo hulinda kilichoandikwa. Haujui iwapo "mmiliki" wa sajili hii ndiye "mmiliki" wa ile. Hilo ni suala la maana, na maana huafikiwa na watu. Hivyo basi, serikali zisinunue minyororo kabla ya kusanifisha istilahi za sajili zake, tena hadharani, wanaisimu na raia wakiwa barazani.