Nyangumi wa Loperot: Nani Atamsimulia kwa Kiswahili?

Mwaka 1964, James Mead, aliyekuwa katika msafara wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, alipata mahali paitwapo Loperot, kusini mwa Turkana, mabaki ya kichwa cha mnyama ambaye hakutarajiwa kabisa kuwapo pale. Hakuwa mamba wala kiboko. Alikuwa nyangumi, tena wa jamii ya wale wenye mdomo uliochongoka, ambao hata leo makao yao ni bahari kuu na huzamia vina visivyofikiwa na mwanga wa jua. Loperot iko kilomita 740 kutoka pwani ya sasa ya Bahari Hindi, na mita 620 juu ya usawa wa bahari. Umri wa kisukuku hicho ni takriban miaka milioni 17.

Mead alichapisha maelezo yake mwaka 1975. Baadaye kisukuku chenyewe kikapotea. Hakikupotea mchangani, bali ghalani, kama zinavyopotea nakala za miswada ambazo kila mtu anajua zipo na hakuna ajuaye zimewekwa wapi. Louis Jacobs, aliyewahi kuongoza idara ya visukuku katika Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, hakukata tamaa ya kukitafuta, na mwaka 2011 kikapatikana huko huko Harvard. Mwaka 2015, Henry Wichura wa Chuo Kikuu cha Potsdam na wenzake, akiwamo Mkenya Fredrick Kyalo Manthi wa Makumbusho ya Kitaifa, walichapisha utafiti wao katika jarida la Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani.

Hoja yao yaeleweka hata na asiyewahi kushika nyundo ya mtafiti wa miamba. Nyangumi hapandi maporomoko. Ikiwa alifika Loperot, basi alifikishwa na mto, maana mabaki yake yalipatikana pamoja na ya wanyama wa nchi kavu na wa maji matamu, wala hapakuwa na bahari pale. Mto huo ulilazimika kuwa mpana, wenye maji mengi na mteremko mdogo mno. Kupotea kwa nyangumi mitoni si jambo geni: mnamo Januari 2006 mmoja wa jamii hiyo hiyo ya wenye mdomo aliingia mto Thames hadi katikati ya London, akafa watu wakijitahidi kumwokoa. Kwa kuzingatia umbali ambao nyangumi waliopotea huweza kwenda, na mteremko wa mito inayowaruhusu kupita, watafiti walikadiria kwamba Loperot ya wakati ule ilikuwa kati ya mita 24 na 37 tu juu ya usawa wa bahari. Ardhi hiyo, basi, imeinuka kwa karibu mita 590 tangu kiumbe yule alipokata roho.

Iliinuka lini? Hapa pana ushahidi wa pili, nao uko mahali ambapo wengi wa wasomaji wamepitia karibu bila kujua. Mwaka 2010 Wichura na wenzake walikuwa wamechunguza Yatta, ule uwanda wa lava wa takriban kilomita 300 ulio mashariki ya barabara ya Nairobi kwenda Mombasa. Lava hiyo ilitiririka kama mto wa moto kutoka nyanda za juu, na mwendo wake unaonyesha kwamba kufikia miaka milioni 13.5 iliyopita nyanda hizo zilikuwa zimekwisha kuinuka. Nyangumi anafunga mlango wa upande mmoja, lava inafunga wa upande wa pili. Katika muda uliobaki katikati, ardhi ya Afrika Mashariki ilianza kupanda, ikazuia unyevu utokao baharini. Misitu ikapungua na mbuga za nyasi zikatanda. Mabadiliko hayo ndiyo ambayo watafiti wengi huyahusisha na mazingira yaliyoulea ukoo wa binadamu. Kipande cha mfupa kimoja, na ndani yake mto, mvua, mlima na mwanadamu.

Sasa, mpenzi wa Kiswahili na arudi katika aya zilizotangulia ahesabu maneno yaliyomkwaza. Nyangumi, mto, mteremko, maporomoko, mwamba, unyevu, ukoo: yote ni ya kale. Kisukuku kimo katika kamusi. Lava ni neno la mkopo ambalo mwanafunzi wa shule ya msingi analijua. Hata hivyo, katika makongamano ya Kiswahili, kila inapotajwa sayansi, kilio huwa ni kimoja: istilahi hazitoshi. Kilio hicho kina ukweli wake. Zipo zama za kijiolojia zisizo na majina yaliyokubaliwa, na kuna jamii za nyangumi ambazo Kiswahili hakijazitenga kwa majina. Lakini upungufu huo umegeuzwa kisingizio. Orodha za istilahi hutungwa, hujadiliwa, huwekwa rafuni, ilhali nathari ya kuzitumia haiandikwi. Neno lisilo na sentensi halina tofauti kubwa na kile kisukuku kilicholala ghalani zaidi ya miaka thelathini.

Fauka ya hayo, si kweli kwamba lugha hii ni mgeni mbele ya mabaki ya viumbe wa bahari ya kale. Pwani yote ya Kenya imejengeka juu yake. Ngome ya Fort Jesus, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1593, imesimama juu ya mwamba wa matumbawe ambayo yalikuwa hai zaidi ya miaka laki moja iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo. Waashi wa Kiswahili walitofautisha barabara tumbawe lililokatwa baharini lingali bichi na laini, lifaalo kuchongwa nakshi za mihirabu na fremu za milango, na lile jiwe gumu la nchi kavu la kujengea kuta na kuchomea chokaa. Mwashi huyo hakuwa mtaalamu wa visukuku, na ni upuuzi kumvika joho hilo baada ya kufa kwake. Ila alikuwa na macho na msamiati. Kuta za Gede na Lamu ni ushahidi.

Watakuwapo wa kuuliza: mwanafunzi wa fasihi na mifupa wapi na wapi? Swali hilo lina haki ya kujibiwa. Anayehariri utenzi wa kale kutokana na mswada mmoja ulioliwa na mchwa hufanya kazi ile ile aliyoifanya Wichura: anapewa kipande, anatakiwa ajenge kilichokuwapo pasi na kudai zaidi ya kinavyoruhusu kipande hicho. Nidhamu ni moja. Kile ambacho mwanafasihi anacho, na mtaalamu wa miamba aghalabu hana, ni uwezo wa kupanga simulizi likaeleweka. Hatari iko upande mwingine, nayo ni ya kumgeuza nyangumi wa Loperot kuwa ngano ya hapo zamani za kale, yenye mnyama asemaye na funzo mwishoni. Ngano zimetosha. Hapa panahitajika mtu awezaye kuandika "inakadiriwa" na kuiacha ibaki "inakadiriwa".

Katiba ya mwaka 2010 imekipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi kando ya Kiingereza. Hadhi hiyo haiwezi kuishia katika hotuba na matangazo ya serikali. Idara za Kiswahili zingeweza kuwaruhusu wanafunzi wa shahada ya uzamili kuwasilisha, kama sehemu ya tasnifu, tafsiri yenye ufafanuzi wa utafiti mmoja wa kisayansi uliofanywa katika ardhi ya Kenya, ukaguliwe na mtaalamu wa fani husika. Tafsiri kumi za namna hiyo zingekifaa Kiswahili kuliko uchambuzi wa mia wa riwaya zile zile tano.

Na lisisahaulike jambo moja linaloweza kuwaudhi watetezi wa Kiswahili. Mtoto wa Loperot huanza kusema kwa Kiturkana. Kwake yeye Kiswahili nacho ni lugha ya kujifunza, na wala si wajibu wake kukishukuru kwa kumletea habari za mfupa uliotoka chini ya miguu ya mbuzi wa babu yake. Mwanafunzi wa Kiswahili atakayeanza kazi hii ingempasa afike huko, awaulize wafugaji wanaziitaje tabaka za miamba na mabonde makavu ya mito wanayoyapita kila siku, kabla ya kuketi Nairobi kuunda istilahi.